Doa la Kijani kwenye Tofali

Mwizi wa matofali ana haraka. Inspekta Kokushubila alilijua hilo tangu utotoni, kwa kuwa baba yake alijenga nyumba yao ya Kimara kidogo kidogo, na kila waliporudi kanisani walikuta lundo limemegwa pembeni na vipande vimezagaa hadi barabarani. Mwizi huchomoa, huangusha, huvunja, hukimbia. Ndiyo maana asubuhi ile, amesimama kwenye kiwanja kitupu cha Mtaa wa Kitunguli, nje kabisa ya Chanika, alijikuta ameanza kukasirika. Lundo zima la matofali ya wananchi lilikuwa limeondoka, na chini hapakuwa na hata kipande kimoja kilichovunjika.

"Huyu mwizi ana adabu," alimwambia Koplo Praygod.

Praygod, mtu wa Rombo asiyepatana na jua la Dar es Salaam, alizunguka kiwanja akitafuta alama za matairi. Fuso yoyote ingezama kwenye mchanga ule na kuacha mashimo. Mashimo hayakuwepo. Kulikuwa na mistari myembamba ya matoroli, mingi, inayokwenda na kurudi, na nyayo za watu wengi, nyingine za ndala ndogo za kike. Mistari yote ilishuka kuelekea bondeni. Kokushubila aliifuata mpaka kwenye majani, na huko ikapotea.

Tofali moja tu lilisahauliwa, limeegemea ukuta wa ofisi ya mtaa. Alilipindua. Kwenye ubavu wake mfupi palikuwa na doa la rangi ya kijani, mtu kachovya kidole akagusa. Alidhani ni alama ya fundi. Akaagiza lichukuliwe kama kielelezo, na Praygod akalipakia garini huku akinung'unika Kichaga.

Kesi yenyewe, ukiisoma kwenye jalada, ilikuwa nyepesi. Serikali ilitangaza ruzuku ya maendeleo ya jamii kwa miji midogo na maeneo ya pembezoni. Chanika ya nje iliingizwa humo kwa sababu, hata kama ramani inasema ni jiji, mvua ikinyesha ni kijiji. Sharti la ruzuku lilikuwa moja na gumu: wananchi waanze. Wachangie matofali, wayapange mahali panapoonekana, kisha wakaguzi waje wayaone kwa macho yao. Kuambiwa hawataki, wanataka kuona. Kitunguli waliomba madarasa, wakafyatua matofali kwa mikono yao, wakaguzi wakaja wakayaona, wakaridhika, wakaondoka. Fedha ikawa njiani, na njia ya fedha ya serikali kila mtu anajua ilivyo ndefu. Matofali yakabaki yanaota ukungu, yanalindwa na mlinzi mmoja aitwaye Leonardi.

Juzi mtendaji mpya wa mtaa, Fredrick, aliripoti kazini kwa mara ya kwanza. Akakuta mlinzi yupo, matofali hayapo. Akamuuliza, mlinzi akatazama chini. Akapiga simu polisi. Leonardi akakamatwa, na tangu hapo hakutoa neno lolote zaidi ya jina lake na la baba yake.

Fredrick alikuwa ofisini, shati limepigwa pasi, uso umekunjamana. Alisema hana ugomvi na mlinzi, lakini matofali yale yako kwenye taarifa za ruzuku, na akinyamaza yeye ndiye atakayeulizwa. Kisha akampa Inspekta jina bila hata kuombwa: Romani, mfanyabiashara wa Gongo la Mboto, aliyewahi kuja Kitunguli kuulizia kama wananchi wangemuuzia lile lundo.

Wakaenda Gongo la Mboto, foleni ya Pugu Road ikawala nusu ya asubuhi. Romani aliwapokea katikati ya kiwanda chake cha matofali, kitambi mbele, simu mbili mkononi, akawaruhusu kupekua popote. Walipekua. Matofali yake yalikuwa ya mashine, kingo zimenyooka, yote sawa. La Kitunguli lilikuwa la kufyatuliwa kwa mkono, limepinda upande mmoja. Romani alilitazama lile walilokuja nalo na kucheka kwa huruma.

"Afande, mie nimeuza tofali tangu nipo kijana. Nimeibiwa, na nimeuziwa za wizi, sikufichi. Sijawahi kuona mtu anaiba lundo zima bila kuvunja hata moja. Hizo zimebebwa na watu wanaozionea huruma."

Ilimuudhi Kokushubila kwamba mtu aliyemwendea kama mshukiwa ndiye aliyesema neno la kwanza lenye akili siku nzima. Alimshukuru, akaandika maelezo, akarudi garini akiwa hana mshukiwa mpya.

Kituoni alimkuta bosi wake, mkuu wa upelelezi wa wilaya, amesimama mlangoni. Bosi huyu alikuwa na tabia ya kuuliza swali akiwa tayari na jibu. Alisema jalada limekamilika: mlinzi alikabidhiwa mali, mali haipo, mlinzi hasemi. Kesho asubuhi apandishwe mahakamani. Kokushubila alieleza habari ya matoroli na nyayo. Bosi alimwambia nyayo hazisimami kizimbani, akaingia ofisini kwake.

Basi akaagiza Leonardi aletwe. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Newala, mrefu, mikono ya mchonga vinyago, kazi aliyoifanya kabla biashara haijadorora. Kokushubila alimuuliza nani alibeba matofali. Kimya. Alimuuliza yamekwenda bondeni kwa nani. Kimya, ila kope zilicheza. Alimweleza kesho ni mahakamani, na kutoka pale ni mahabusu ya gereza, na kwamba humo mtu anaweza kuozea jalada likingoja. Leonardi alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akaomba arudishwe kwa sababu chakula chake kinapoa.

"Chakula gani?" Kokushubila alimuuliza Praygod walipobaki wawili.

Praygod alisema tangu mtu yule aingie, kaunta imegeuka mgahawa. Analetewa asubuhi, mchana na jioni, kila mara mtu mwingine, wote wa Kitunguli. Leo ni pilau. Aliinua hotipoti iliyokuwa pale juu ya kaunta kuonyesha ukubwa wake, na Kokushubila akaona kitu kwenye kitako chake. Aliichukua akaipindua. Palikuwa na doa la rangi ya kijani, mtu kachovya kidole akagusa.

Aliyeibiwa hampelekei mwizi wake pilau. Na doa lile hakuhitaji kuulizia, kwani hata mama yake mzazi alikuwa nalo, jekundu, la rangi ya kucha, chini ya kila sufuria na kila kijiko kikubwa. Uswahilini kote ndivyo ilivyo. Kuna msiba, kuna harusi, kuna arobaini, na hakuna nyumba yenye vyombo vya kutosha watu wote, kwa hiyo vyombo vya mtaa mzima huchanganyika jikoni. Doa ndilo linalovitenganisha shughuli ikiisha. Hakuna mtu anayeweka doa kwenye kitu anachouza, wala mwizi haweki doa kwenye alichoiba.

"Praygod," alisema, "hatutafuti mwizi. Haya matofali yameazimwa."

Praygod alimtazama kama mtu aliyeambiwa maji yameungua. Hata hivyo alichukua funguo za gari.

Nyumbani kwa Leonardi walimkuta mkewe, Bernadeta, uani pamoja na wanawake watatu, wanasugua masufuria ya msiba kwa mchanga na majivu. Yote yalikuwa na doa la kijani, rangi moja ya mtaa mzima. Moja tu, kubwa, lilikuwa na doa jekundu, nalo lilishasuguliwa likang'aa na kuwekwa peke yake juu ya kigoda. Kokushubila aliuliza hilo ni la nani.

"La Vigwazani," alijibu mmoja wa wanawake, akakatizwa na jicho la Bernadeta.

Vigwazani ni mtaa wa ng'ambo ya bonde, nao umo kwenye ruzuku ile ile. Kokushubila alivuta ndoo, akaipindua, akakaa juu yake. Alimwambia Bernadeta kwamba anajua. Kitunguli wamekwisha kaguliwa, Vigwazani bado. Vigwazani matofali yao hayakutosha, yenu yamekaa bure, mkawavushia. Alisema sheria iko upande wao kwa hilo moja: mali ya wananchi ni yao mpaka waikabidhi, na mwenye mali akiazimisha kwa hiari yake hakuna wizi. Alichohitaji ni mtu mmoja tu, mmoja aliyechangia, aseme: yangu niliyaazimisha. Leonardi angekula chakula cha usiku nyumbani.

Bernadeta alisugua sufuria ambalo lilikwisha takata.

"Unadhani sitaki? Yule ni mume wangu." Aliweka chini kipande cha gunia. "Kesho wakaguzi wanakwenda Vigwazani. Umempa mtu sufuria, moto umewaka, wageni wameshakaa mkekani, unakwenda kumwambia nipe sufuria langu? Nani anafanya hivyo? Chombo anarudisha aliyeazima. Mwenyewe hafuati."

"Hata mwenyewe akifungwa?"

"Leonardi ndiye kasema tusifuate. Alimwambia hivyo mwenyekiti siku mnamchukua."

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kasiani, alipopatikana alisema hayo hayo, kwa maneno mengi zaidi. Aliongeza kwamba wangemwambia mtendaji mpya, angelazimika kuandika kwa wakubwa, na mitaa yote miwili ingefutwa. Kisha aliuliza, kwa wasiwasi wa kweli, kama Leonardi alipewa pilau likiwa bado na moto. Kokushubila alifunga daftari. Amefanya kazi ya upelelezi miaka mingi, amekutana na waongo wa kila namna, na hawa hata hawakumdanganya. Walikuwa na ukweli wote mkononi, nao wameukalia kwa sababu ya adabu.

"Shikamoo zenu na adabu zenu zitamfunga mtu," alimwambia mzee, jambo ambalo mama yake angemchapa kwalo. Mzee Kasiani hakukasirika. Alisema ndiyo, wanajua.

Likabaki jambo moja. Kama mwenye chombo hafuati, basi atafutwe aliyeazima. Walivuka bonde.

Vigwazani walikuwa katika heka heka. Wanawake walifagia kiwanja, wanaume walikata majani, na katikati lilisimama lundo refu, limepangwa safi, linapendeza kupiga picha. Kokushubila alilizunguka taratibu. Matofali ya mbele yalikuwa na doa jekundu. Ya nyuma, zaidi ya nusu, hayakuonyesha doa kwa kuwa madoa yalitazama ndani, ila moja, la kijani, ambalo mpangaji alikosea.

Mwenyekiti wa kamati yao ya ujenzi alikuwa Mama Mauwa, mtu mzima wa Kilwa, khanga imefungwa kibwebwe, sauti ndogo inayotiiwa na kila mtu. Kokushubila alimwamkia, akapewa marahaba na kiti. Alianza kwa kumuuliza wanaomba nini. Mama Mauwa alisema zahanati, yenye chumba cha kujifungulia. Binti yake alijifungulia juu ya bodaboda, kabla hawajafika lami. Mtoto yupo. Binti hayupo. Alilisema hilo kama anavyosema mtu aliyekwisha kulisema kwenye ofisi nyingi.

"Na haya ya kijani, mama?"

Mama Mauwa hakubabaika. Alisema ni ya kuazima, yatarudi kesho wageni wakiondoka, na toroli za kuyarudishia zimeshakodiwa. Alijua si sawa. Lakini serikali ilitaka kuona lundo, na watu wake walichangia mara mbili, lundo likaibwa kweli, mara zote mbili, na hakuna polisi aliyekuja.

"Mwanangu, nitakosea mbele ya Mungu na mbele ya ofisi yako," alisema. "Ila nimemwibia nani?"

Hapo Kokushubila aliligundua jambo ambalo lilimfanya afumbe macho. Mama huyu hakuwa na habari.

"Mama, hukuambiwa mlinzi wa Kitunguli yuko lokapu?"

Mwanamke aliyekuwa akifagia karibu aliacha kufagia. Mama Mauwa aliuliza mlinzi yupi, ingawa mlinzi ni mmoja. Aliuliza tangu lini. Kokushubila alimwambia, na alimwambia pia kwamba wenzake wa ng'ambo bila shaka walikubaliana habari isivuke bonde mpaka shughuli yake iishe. Hawakutaka kumharibia. Mama Mauwa alikaa chini juu ya matofali ya watu.

Aliomba apewe mpaka kesho saa sita. Wageni wakiondoka tu, atakuja mwenyewe kituoni. Kokushubila alimjibu kwamba gari la mahakamani linaondoka asubuhi, na yeye si mwenye gari. Angeweza kumchukua maelezo pale pale. Angeweza hata kumkamata. Alitoa kalamu, akaishika. Mama Mauwa aliitazama kalamu, akatazama lundo, akatikisa kichwa.

"Watu wamefagia tangu alfajiri," alisema.

Kokushubila alirudi garini na karatasi nyeupe. Kesi imefumbuliwa, kila mtu anajua, hakuna anayesema. Praygod alijaribu kumfariji kwa kumwambia kwamba wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Alimjibu aendeshe gari.

Asubuhi, difenda ya polisi ilikuwa inaunguruma uani pa kituo. Kokushubila alimwomba bosi siku moja zaidi, akaulizwa kama ana shahidi, akasema hana. Bosi alinyoosha mkono kumwonyesha gari. Leonardi alitolewa, akapigwa pingu, akasimamishwa mbele ya kaunta asaini. Bernadeta alikuwa nje ya geti na wanawake wa Kitunguli, hotipoti mkononi.

Bajaji ilisimama. Mama Mauwa alishuka, akajitwika kitu kichwani juu ya kata ya khanga, akapita getini shingo imenyooka, akawapita wanawake, akaingia ndani. Alikitua juu ya kaunta kwa uangalifu, asije akakivunja. Lilikuwa tofali, doa la kijani limetazama juu.

"Nimekuja kurudisha cha watu," alisema. "Niandike, afande. Niliazima mimi, Mauwa. Waliniazimisha kwa hiari yao."

Kokushubila aliuliza habari za wakaguzi. Mama Mauwa alisema wamekuja mapema kuliko walivyoahidi, kitu ambacho hakijapata kutokea. Aliwapitisha mwenyewe, akawaonyesha kwa kidole: haya yetu, haya ya kuazima. Mkubwa wao akaacha kuandika. Hapo Mama Mauwa akaita bajaji.

Leonardi alikuwa ameliangalia tofali muda wote huo. Alipofungua kinywa, hasira ndiyo iliyotoka, na Kokushubila alitambua kwamba hajawahi kuisikia sauti ya mtu huyu ikisema sentensi nzima, ila ile ya chakula kinachopoa.

"Mama Mauwa, mbona umekatiza shughuli? Ilikuwa leo tu. Mie ningekaa."

"Sufuria ya watu haipikiwi mwenyewe akiwa na njaa." Mama Mauwa alijifuta uso kwa khanga. "Nyamaza, mwanangu, usinilize mbele ya polisi."

Maelezo yake yalichukua karatasi moja. Bernadeta naye akaingia akaandika yake, na baada yake kila mwanamke wa getini akataka kuandika. Bosi alitoka, akasoma, akasoma tena, akauliza kama kuna wizi humu au hakuna. Kokushubila alisema hakuna. Bosi aliuliza basi hilo tofali linafanya nini juu ya kaunta yake, akaamuru litolewe, pingu zifunguliwe na difenda izimwe. Alirudi ofisini akiwa na uso wa mtu aliyeonewa.

Leonardi alisugua vifundo vya mikono. Alimuuliza Mama Mauwa kama wakaguzi bado wapo kule.

"Niliwaacha wanapima msingi. Sijui kama wanapima au wanatafuta njia ya kuondoka."

Leonardi hakungoja zaidi. Alilinyanyua tofali, akaliweka begani, akamwita Bernadeta waende. Praygod alimkumbusha Inspekta kwamba kielelezo cha kesi kinatoka mlangoni. Kokushubila alisema ameona.

Mlangoni mwanamke mmoja alimuuliza Leonardi mbona anapita upande huo, Kitunguli si kule? Alijibu bila kusimama kwamba anakwenda Vigwazani. Wageni bado wapo, na lundo limepungua moja.